Bomba la moshi la gari ya zamani: namna ya kulitoa na kulirudisha bila kuvunja



Somo la leo si la mbegu wala la palizi. Ni la chuma kimoja kilicho chini ya gari, ambacho hakuna mtu anakikumbuka mpaka siku kinapoanza kupiga kelele. Ni bomba la moshi, lile ambalo mekanisie wetu wanaita eshapema. Tunalileta hapa kwa sababu mchele, mihogo na karanga zetu hazina miguu. Zinapanda gari ili zifike sokoni, na watu wanapanda juu yake. Bomba likitoboka, magunia yanaweza kufika salama na watu wasifike salama.

GARI YA ZAMANI, KAZI YA LEO

Kwenye njia ya matope kama hizi zetu za Salamabila, Kabambare na Kasongo, gari ya zamani ndiyo inabaki kazini. Mfano ni Land Cruiser. Ile ya namna ya 40 ilitengenezwa na Toyota tangu 1960 mpaka 1984. Ile ya namna ya 70 ilianza mwaka 1984. Ulaya na Marekani, mtu mwenye Land Cruiser ya 40 anaifungia ndani ya nyumba, anaipaka rangi, anaitoa Jumapili ili watu waitazame. Mahali kama kwetu, gari ya umri ule bado inatafutiwa mzigo.

Uzuri wa gari hizi ni kwamba hazina kompyuta. Mtu mwenye spana, nyundo na uvumilivu anaweza kutengeneza sehemu nyingi. Ubaya wake ni kwamba chuma kimechoka na vipuri viko mbali. Bulo moja ikikatika hapa, mnaweza kungoja siku nyingi mpaka gari nyingine iilete, na mavuno yanalala depo. Kwa hiyo shika neno hili tangu mwanzo: katika kazi ya bomba la moshi, ufundi wa kwanza si nguvu. Ni kufungua bila kuvunja.

KELELE SI SHIDA KUBWA. MOSHI NDIYO SHIDA

Mara nyingi shofere anasema: «Baba Prezida, ni kelele tu. Tumalize msimu kwanza, halafu tutatengeneza.» Prezida anakubali, kwa sababu sanduku la kooperative ni jepesi. Hapo ndipo hatari inaanza.

Ndani ya moshi wa moteri kuna hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Unaweza kusikia harufu ya moshi, lakini sumu yenyewe huisikii. Mtu akiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa nzuri ya oksijeni. Damu inaendelea kutembea mwilini, lakini haibebi tena uhai. Moteri ya esansi inatoa sumu hii kwa wingi sana. Moteri ya mazutu inatoa kidogo zaidi, lakini moshi wake nao si mzuri: mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema wazi kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa kwa watu.

Bomba zima linapeleka moshi nyuma, nje ya gari. Bomba lililotoboka chini ya kabine au chini ya karoseri linapandisha moshi kupitia matundu ya sakafu. Anayekaa mbele na vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, anauvuta. Mama aliyejifunika baashi nyuma pamoja na mtoto, anauvuta zaidi. Mwenye mimba anauvuta kwa watu wawili.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Watu wanafikiri ni malaria. Angalieni tofauti: hapa mwili hauna homa, watu kadhaa wa gari moja wanaumwa wakati mmoja, na wakishuka kwenye hewa safi wanaanza kupata nafuu. Mkiona hivyo, zimeni moteri, shusheni watu wote, wakae mbali na gari mahali pa hewa. Aliyelegea sana au aliyezimia apelekwe haraka kituo cha afya. Hapana kupoteza wakati kumnywesha maziwa. Maziwa hayatoi sumu hii kwenye damu.

NJIA YA MOSHI CHINI YA GARI

Ingia chini ya gari, moteri ikiwa baridi, ufuate njia kutoka mbele:

1. Kolekta. Ni chuma kizito kilichofungwa kwenye moteri. Kinakusanya moshi wa silinda zote.

2. Bomba la mbele. Linaungana na kolekta kwa sahani ya chuma yenye bulo na nati. Katikati ya vyuma hivyo viwili kuna gasketi ya kuzuia moshi usitoke.

3. Silansie. Ni lile pipa dogo la kupunguza sauti.

4. Bomba la nyuma. Linatoa moshi nje.

5. Mipira na vibano. Mipira ndiyo inaning'iniza bomba kwenye shasi. Si urembo. Moteri inatikisika, shasi haitikisiki vilevile. Mpira unameza ule mtikisiko. Ukifunga bomba kwa waya mgumu mahali pa mpira, bomba litapasuka tena, au bulo za kolekta zitakatika.

KUTAFUTA TUNDU

Asubuhi, moteri baridi, washa gari mahali pa wazi. Mtu mmoja akunje kitambaa kinene chenye maji, azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa sekunde chache tu, akisimama pembeni. Mwingine asikilize kando ya gari. Moshi ukikosa njia ya nyuma, utatoka kwa sauti ya «sss» mahali palipotoboka. Asiingie mtu chini ya gari moteri ikiwa inazunguka.

Zimeni, halafu tazameni alama nyeusi za masizi kwenye maungio. Masizi ni shahidi asiyesema uongo. Gongeni bomba pole pole kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kibovu. Kama sauti ya «tik-tik-tik» inatoka karibu na moteri na inapungua gari ikipata moto, chunguzeni kwanza gasketi ya kolekta.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Ngojeeni bomba lipoe kabisa. Bomba lililotoka safari linachoma ngozi kwa mguso mmoja. Afadhali kazi ianze asubuhi.

Wekeni gari mahali sawa na pagumu. Vuteni breki ya mkono, ingizeni vitesi, zibeni magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Kriki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Chini ya ekseli wekeni gogo nene la mti mgumu, lililokaa sawasawa, pande zote mbili. Tofali linapasuka bila kuaga. Sukumeni gari kwa mkono kabla ya kuingia chini: ikicheza, hapana kuingia.

Ondoeni magunia na bidoni za mafuta. Fungueni waya wa betri. Vaeni miwani, maana kutu inaanguka moja kwa moja machoni.

Vyombo vinavyotakiwa: spana za duara zenye pembe sita, brosi ya waya, nyundo ndogo, msumeno wa chuma, tindo, gasketi mpya, nati mpya, na mafuta ya kulainisha kutu. Kama hamna mafuta ya kopo ya dukani, tumieni mazutu iliyochanganywa na mafuta kidogo ya moteri. Haifanyi kazi haraka kama ile ya kopo, lakini ukiipa usiku mzima inasaidia.

KUTOA: HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Jioni ya kwanza. Sugueni nyuzi za kila bulo kwa brosi mpaka chuma kionekane. Pakeni mafuta. Gongeni nati pole pole pande zote ili mafuta yaingie. Asubuhi rudieni tena. Watu wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana wanavunja bulo.

Hatua ya 2. Anzeni nyuma. Fungueni vibano vya bomba la nyuma, halafu mipira yake. Mtu mmoja ashike bomba lisianguke. Kama limegandamana na silansie, hapana kuvuta kwa hasira. Gongeni kwa kuzunguka ungio, huku mwenzako analizungusha kulia na kushoto.

Hatua ya 3. Toeni silansie. Msiitupe.

Hatua ya 4. Nati za kolekta. Hapa ndipo mkono unatakiwa kuwa na akili. Tieni spana ya pembe sita sawasawa mpaka mwisho. Kwanza kazeni kidogo sana, kama unataka kuifunga, ili kutu ikatike. Halafu fungueni robo ya mzunguko. Rudisheni. Pakeni mafuta. Fungueni nusu. Rudisheni. Endeleeni hivyo mpaka itoke. Mkono ukisikia bulo inajipinda kama mpira, acheni. Pakeni mafuta, nendeni mkale, mrudi baadaye.

Kama nati imekataa kabisa, iko na njia mbili. Ya kwanza ni joto: nati ikipata moto inapanuka na kutu inaachia. Lakini hapana kuwasha moto chini ya gari ya esansi, wala karibu na tangi au bomba la mafuta. Ya pili ni kuipasua nati kwa tindo au kuikata kwa msumeno. Nati ni kitu kidogo, inapatikana. Bulo iliyoingia ndani ya kolekta ndiyo mali. Afadhali kupoteza nati kuliko kuvunja bulo.

Na bulo ikikatika hata hivyo? Kama kipande bado kinatokeza nje, fundi wa kusude anaweza kuchomelea nati mpya juu yake. Joto lenyewe linasaidia kulegeza, halafu kipande kinatoka na spana. Kama imekatika ndani, kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kutoboa. Hapana kujaribu na msumari.

Hatua ya 5. Lazeni vipande vyote chini, kwa mpango wake, kama vilivyokuwa kwenye gari. Bomba la zamani, hata likiwa limeoza, ndilo kipimo cha bomba jipya. Lichoreni juu ya ubao au mkunje waya mnene kufuata kona zake. Aliyetupa bomba la zamani mapema amemtupia fundi macho.

KUTENGENEZA AU KUNUNUA?

Kama tundu ni moja na chuma cha pembeni ni kigumu, chomeleeni kiraka. Kama chuma kinabonyea kwa kidole, kiraka ni hasara: moto wa kusude utatafuna zaidi, na mtalipa mara mbili. Kateni sehemu yote mbovu, muunge bomba jipya.

Chagueni bomba la chuma cheusi, si lile la maji lililopakwa zinki. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaomletea fundi homa, baridi na kifua kubana. Bati la nyumba nalo halifai, linaungua mapema. Upana wa bomba uwe sawa na wa zamani. Bomba jembamba linabana moteri kama mtu anayepumua kwa mrija: nguvu inapungua mlimani na mafuta yanaliwa zaidi.

Kazi ya kusude ifanyike mbali na gari, bomba likiwa limeshatolewa, na ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Kama ni lazima kuchomelea kwenye gari yenyewe, fungueni nyaya zote mbili za betri, na tangi liwe mbali na cheche.

Njiani, mahali hakuna fundi, kopo la maziwa lililokatwa na kuzungushwa juu ya tundu, likafungwa kwa waya, litawafikisha. Lakini ni dawa ya njia, si dawa ya msimu. Na siku hiyo asikae mtu nyuma chini ya baashi.

KURUDISHA

Sugueni uso wa kolekta na uso wa sahani ya bomba mpaka ving'ae. Hapana kurudisha gasketi ya zamani: imeshabanwa, haitaziba tena. Nati za shaba, zikipatikana, ni bora kuliko za chuma, kwa sababu hazigandi na kutu.

Pandisheni sasa vipande vyote, kuanzia mbele kwenda nyuma, mkizifunga nati kwa vidole tu. Silansie iingie kwenye bomba la mbele, bomba la nyuma liingie kwenye silansie, mipira ining'inizwe. Bado hapana kukaza. Fundi anayekaza kipande cha kwanza kabla ya kuona cha mwisho, atafungua tena vyote.

Tikiseni bomba kwa mkono. Lisiguse shasi, sakafu, shafti, waya, mpira wa breki wala tangi. Acheni nafasi ya vidole viwili hivi kila upande. Mdomo wa bomba la nyuma upite ukingo wa karoseri. Bomba linaloishia chini ya karoseri linapeleka moshi kwa abiria, hata kama ni jipya.

Mkiridhika, kazeni kutoka mbele kwenda nyuma. Nati za kolekta zikazwe kwa zamu: hii kidogo, ile kidogo, mpaka sahani ikae sawa. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya zingine, sahani inapinda na moshi unatoka upande wa pili. Halafu vibano, halafu mipira.

Washeni gari, rudieni jaribio la kitambaa. Mafuta yaliyobaki juu ya bomba yatatoa moshi kidogo siku ya kwanza, si kitu. Baada ya safari ya kwanza, ngojeeni lipoe, halafu kazeni tena kila nati, kwa sababu joto limeshailaza gasketi.

MATOPE NA MAJANI MAKAVU

Wakati wa mvua, gari ikizama, mdomo wa bomba unaweza kuzibwa na matope. Zimeni moteri kama mnachimba kwa muda mrefu, na hapana kuacha watoto ndani ya gari inayonguruma. Wakati wa kiangazi, hapana kuegesha gari iliyotoka safari juu ya majani makavu. Bomba la moto linaweza kuwasha shamba, na pamoja nalo gari na mzigo.

SOMO HILI NI LA MASINI YA KUSAGA PIA

Kooperative isiyo na gari isiseme somo halituhusu. Masini ya kusaga mihogo na mahindi iko na moteri, na moteri iko na bomba. Nyumba ya masini ina ukuta, na mama wanangoja humo na watoto mgongoni. Bomba lipite ukutani mpaka nje, mbali na mlango na dirisha, na lisielekee nyumba ya jirani. Mahali linapopita ukuta wa miti au nyasi, lizungusheni udongo au bati ili ukuta usiungue. Maungio yakaguliwe kama yale ya gari. Na asifungue mtu masini ndani ya nyumba iliyofungwa milango, hata kama mvua inanyesha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Gari inayobeba mavuno yetu, bomba lake linaishia wapi? Nani ataingia chini kulitazama kabla ya safari ijayo?

2. Kati yetu, nani amewahi kuumwa kichwa njiani akafikiri ni malaria? Alikuwa amekaa wapi kwenye gari?

3. Je, sanduku letu linaweza kununua mapema gasketi moja na nati chache, zikae depo kabla ya msimu wa kuuza mchele?

4. Shofere akisema «ni kelele tu», tutamjibu nini?

Andikeni majibu kwenye daftari ya kooperative, pamoja na tarehe ya ukaguzi na jina la aliyekagua. Gari ikikodiwa kwa mtu mwingine, mwenye magunia ana haki ya kuuliza: «Ndugu shofere, bomba lako ni zima?» Kabla hajajibu, hapana kupandisha mama na watoto.